Kujiandaa na usaili wa mpango wa serikali wa wahitimu: peke yako, na kikundi, au kozi ya kulipia?

Dirisha la maombi ya mpango wa serikali wa kuajiri wahitimu wa vyuo likifunguliwa tu, swali la kwanza ninaloulizwa na wahitimu ni kozi gani wajiunge nayo. Swali hilo linakuja mapema mno. Kabla hujatafuta wa kukufundisha, tafuta kwanza kujua ni wapi hasa unaweza kuchujwa, maana mipango hii inachuja kwa hatua, na kila hatua inapima kitu chake. Maandalizi yanayokuvusha hatua ya kwanza yanaweza kuwa ya kupoteza muda kabisa kwenye hatua ya tatu.

Njia zenyewe ni tatu. Unaweza kujisomea peke yako, unaweza kujiandaa na waombaji wenzako, au unaweza kulipia kozi au mkufunzi binafsi. Watu wengi huchagua moja, mara nyingi ile waliyosikia imemsaidia fulani, wakashikamana nayo kuanzia siku ya kujaza fomu hadi siku ya kukaa mbele ya jopo. Ushauri wangu ni kuchagua upya katika kila hatua, na nitaeleza kwa nini hatua kwa hatua.

Kwanza, jua mchujo wako ulivyo

Tazama mipango miwili inayofahamika sana duniani. Uingereza ina Civil Service Fast Stream, ambao huanza na majaribio ya mtandaoni, na wanaobaki huitwa kwenye siku ya tathmini yenye mazoezi kadhaa. India inaajiri maafisa wake wa juu kupitia mtihani wa UPSC, tume ya utumishi wa umma ya nchi hiyo: kuna mtihani wa awali wa kuchagua majibu, mtihani mkuu wa kuandika, kisha usaili. Alama za mtihani wa awali haziingii kwenye matokeo ya mwisho, kazi yake ni kupunguza watu. Mtihani mkuu una alama 1,750 na usaili alama 275, jumla 2,025. Waombaji hukaribia milioni moja kwa nafasi zipatazo elfu moja.

Ukiitazama mipango hiyo miwili kwa pamoja unaona mara moja kwamba watu wake hawawezi kujiandaa kwa namna moja. Anayelenga wa India atatumia miezi mingi akiandika insha na kuzisahihisha. Anayelenga wa Uingereza atahangaika zaidi na mifano ya kazi alizowahi kufanya na jinsi anavyofanya kazi na watu.

Hata kanuni ndogo ya alama inabadilisha mkakati. Kwenye mtihani wa awali wa India, jibu baya linakukata theluthi moja ya alama za swali. Maswali yana machaguo manne. Ukibahatisha bila kujua chochote, wastani wako ni sifuri: unapata alama moja mara moja kati ya nne, na mara tatu unapoteza theluthi. Ila ukiweza kufuta chaguo moja tu kwa uhakika, hesabu inageuka upande wako, na kujibu kunakuwa na faida kuliko kuruka. Pale ambapo jibu baya halikatwi, kuacha swali wazi ni hasara tupu. Mtu asiyejua kanuni ya mtihani wake hawezi kujua ajizoeze kujibu yote au kuruka.

Kwa hiyo jioni ya kwanza ya maandalizi itumie kwenye mwongozo rasmi wa mpango unaouomba. Karatasi moja inatosha. Andika hatua zote, kila moja inapima nini, ina dakika ngapi, jibu baya linakatwa au halikatwi, na kama alama za hatua hiyo zinaendelea mbele au zinaishia hapo. Kazi hii usimwachie mkufunzi wala kikundi. Nimeona watu wakijifunza kwa bidii muundo wa usaili uliokwisha kubadilishwa, kwa sababu waliupata kwa mtu aliyepita zamani.

Majaribio ya kupima uwezo: hapa kaa peke yako

Majaribio haya ni yale ya kusoma majedwali na kukokotoa, kusoma aya na kusema hoja ipi inatokana nayo, na kutambua mpangilio wa maumbo. Mengi yana saa inayorudi nyuma. Kwa hatua hii kujisomea peke yako kunazishinda njia nyingine mbili kwa mbali.

Sababu ni kwamba kinachopimwa ni kasi na usahihi wako chini ya saa. Kwenye kikundi, mwenye kasi anajibu kwanza na wengine wanaitikia kwamba hata wao walikuwa wanafika hapo. Kwenye kozi, unamtazama mwalimu akifumbua swali, na swali lililofumbuliwa na mwingine huonekana jepesi daima. Ukikaa peke yako na saa, huna pa kujificha.

Kujipima kuna nguvu kuliko kusoma tena na tena, na hilo limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walisoma kifungu, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakajaribu kukiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Ndiyo maana jioni ya kusoma maelezo inakuacha ukijisikia uko tayari, na wiki moja baadaye mbele ya mtihani huoni kitu.

Kuhusu majaribio ya uwezo yenyewe, uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba kurudia tu kufanya jaribio kunapandisha alama kwa takriban robo ya mkengeuko sanifu. Kwa lugha nyepesi, mtu aliyekuwa katikati kabisa, anayewazidi wenzake 50 kati ya 100, anasogea hadi kuwazidi kama 60. Si mlima, lakini pale ambapo mstari wa kuvuka umebana, watu kumi ni wengi sana. Na zoezi hilo halikugharimu ila muda.

Sasa namna ya kulifanya. Fanya jaribio zima kwa muda wake, kisha tumia muda uleule, au hata zaidi, kwenye daftari la makosa. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Chukua swali kama hili: bajeti ya idara ilikuwa 4,200 mwaka wa kwanza na 4,830 mwaka wa pili, imeongezeka kwa asilimia ngapi? Tofauti ni 630, na 630 kwa 4,200 ni asilimia 15. Lakini ukigawanya kwa 4,830 unapata 13, na mtunga swali akijua kazi yake atakuwa ameiweka 13 kwenye machaguo. Aliyekosa akiandika kwenye daftari “asilimia zinanisumbua”, hajajisaidia lolote. Akiandika “niligawanya kwa mwaka wa mwisho badala ya wa mwanzo”, ameshajua cha kutazama wakati mwingine. Andika pia ulitumia muda gani, maana kuna maswali unayoyapata lakini yanakula dakika za maswali matatu ya mbele.

Baada ya majaribio machache daftari litakwambia kitu ambacho hakuna mkufunzi anayekujua kiasi cha kukwambia: kwamba makosa yako mengi ni ya aina mbili au tatu tu. Zishughulikie hizo.

Kozi inaingia hapa kwa sharti moja. Ukiona makosa yako yanatokana na msingi, yaani hujui kabisa uwiano au sehemu kwa sababu uliachana na hesabu miaka mingi iliyopita, mwalimu wa hesabu wa kawaida atakusaidia kuliko kozi ya “mbinu za usaili”. Mbinu hazijazi pengo la msingi.

Majaribio ya maamuzi ya kazini: watu wawili wanatosha

Unapewa tukio la ofisini na machaguo ya hatua za kuchukua, unatakiwa kusema ipi inafaa zaidi na ipi haifai. Hapa wauzaji wa kozi wanapenda kukupa “siri”, na hapa ndipo siri zinapoharibu watu, kwa kuwa majibu yanapimwa kwa sifa ambazo mpango wenyewe umezitangaza. Serikali ya Uingereza, kwa mfano, imeorodhesha tabia 9 inazozipima kwa watumishi wake na kuziweka wazi kwa kila mtu, pamoja na maelezo ya jinsi kila tabia inavyoonekana katika kila ngazi ya kazi. Mwombaji aliyeisoma hati ya namna hiyo mara tatu kwa makini anajua mengi kuliko aliyenunua orodha ya majibu.

Ila kusoma peke yako hakutoshi, kwa sababu kila mtu huona chaguo lake ndilo la busara. Tafuta mtu mmoja wa kubishana naye. Mfano: mwenzako ametuma ripoti kwa mkuu wa idara, saa moja kabla ya kikao unagundua takwimu moja si sahihi, na mwenzako hapatikani kwa simu. Unasubiri apatikane? Unarekebisha mwenyewe kimyakimya na kusambaza nakala mpya? Unamjulisha mkuu, unamwonyesha kosa na sahihisho, na kumwachia mwenzako ujumbe? Au unaacha kikao kipite kwanza?

Wengi wanagawanyika kati ya chaguo la pili na la tatu. Anayetetea la pili anasema amemwokoa mwenzake aibu na kazi imeenda. Mbishi wake amuulize: mkuu akifungua nakala ya kwanza kwenye kikao, itakuwaje? Na nani aliidhinisha ubadilishe hati yenye jina la mtu mwingine? Mabishano kama hayo ya nusu saa yanakufundisha namna ya kupima uwazi, mamlaka na muda kwa pamoja. Watu wawili wanatosha kabisa. Wakiwa sita, mabishano yanageuka kura ya wengi.

Fomu na mifano yako

Sehemu hii nitaipita haraka. Andika peke yako, kisha wape wasome mtu mmoja anayekufahamu na mmoja asiyekufahamu. Wa kwanza atakukumbusha ulichofanya na kukisahau, wa pili atakuambia alipopotea. Usikubali mtu, kozi, au programu ya kompyuta ikuandikie mfano ambao hukuuishi. Wasaili huchimba, na mfano wa kuazima hauna majibu ya swali la tatu.

Siku ya tathmini na usaili wa jopo: kikundi kinashinda

Hapa ndipo ninapowasihi watu waache kujifungia chumbani. Mazoezi ya kikundi yana historia ya jeshini. Mwaka 1942 Uingereza ilianza kuwapima maafisa watarajiwa kwa kuwaweka pamoja kwenye kazi bila kumteua kiongozi, ili waone nani anajitokeza na kwa namna gani. Baada ya vita mtindo huo ukaingia kwenye utumishi wa umma, na bado uko. Unawekwa mezani na waombaji wengine, mnapewa tatizo na nyaraka, na watathmini wanakaa pembeni wakiandika. Jambo hilo huwezi kulifanyia mazoezi na kioo.

Lakini kikundi kizuri kina utaratibu. Watu watano wanafaa: wanne wanafanya zoezi, wa tano anatazama, na nafasi ya mtazamaji inazunguka ili kila mmoja aikalie. Kwangu mimi nafasi ya mtazamaji ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, maana ukishakaa pembeni ukaona jinsi mtu anayezungumza sana anavyosahaulika, hutarudia kudhani kwamba wingi wa maneno ni uongozi.

Mtazamaji asiandike hukumu. Aandike muda na maneno. Karatasi yake ionekane hivi:

“Dk 3: alipendekeza tugawane nyaraka. Dk 7: aliuliza tumebakiza dakika ngapi. Dk 11: alimkatiza mwenzake, mara ya pili. Dk 14: alisema, ‘turudi kwenye hoja ya mwenzetu ya gharama, hatukuimaliza.’ Dk 19: hakusema kitu kwa dakika nne.”

Ukisomewa karatasi hiyo huna la kubisha. Ukiambiwa tu “ulikuwa mkali kidogo” utabisha hadi kesho. Watathmini wa kweli nao hufanya hivyohivyo: wanakusanya ushahidi kwanza, kisha wanaulinganisha na vigezo vilivyoandikwa. Kwa hiyo kumsaidia mwenzako aliyenyamaza aingie kwenye mazungumzo hakukupunguzii kitu. Kunaandikwa upande wako.

Usaili wa jopo nao unafuata mantiki hiyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulioongozwa na Paul Sackett ulipitia upya njia za kuchagua wafanyakazi na kukuta kwamba usaili wenye mpangilio maalumu, yaani maswali yaleyale kwa wote na alama zinazotolewa kwa vigezo, uko mstari wa mbele kabisa katika kubashiri nani atafanya kazi vizuri. Serikali zinazotaka haki na ushahidi zinaupenda. Maana yake kwako ni kwamba ucheshi na kujiamini vina nafasi ndogo kuliko unavyodhani, na jibu lako lazima lijaze karatasi ya alama iliyo mbele ya msaili.

Sikiliza jibu hili, ambalo ni la kawaida sana: “Kwenye mradi wetu wa utafiti tulipata tatizo la takwimu. Tulikaa kama timu, tukajadiliana, na mwishowe tukafanikiwa kuwasilisha kwa wakati.” Aliyelitoa anahisi amejibu. Msaili hana cha kuandika, hajui mtu huyu alifanya nini.

Sasa mtu huyohuyo baada ya wenzake kumbana: “Siku nne kabla ya kuwasilisha niligundua madodoso 30 kati ya 120 yameingizwa mara mbili. Nilimweleza msimamizi asubuhi ileile na kupendekeza tuache sura moja ya uchambuzi ili tupate siku mbili za kusafisha takwimu. Wenzangu wawili walipinga, kwa kuwa sura hiyo ilikuwa yao. Niliwaonyesha majedwali mawili, lenye marudio na lisilo na marudio, wakaona hitimisho letu kuu linabadilika. Tuliwasilisha siku iliyopangwa, na tukaanza kuyapa madodoso namba kabla ya kuyaingiza.”

Tukio ni lilelile. Kilicholifumbua ni maswali ya kuudhi ya wenzake: “tulikaa” ni nani? Nani alipinga? Ulimwambiaje? Ukiwa peke yako huwezi kujiuliza maswali hayo, kwa sababu kichwani mwako majibu yapo tayari na unadhani umeyasema. Mkufunzi wa kulipwa anaweza kukuuliza vilevile, na akiwa mzuri atakuuliza kwa ukali zaidi. Ila kikundi kitakuuliza mara nyingi zaidi, kila wiki, na utajifunza pia kwa kuwauliza wengine.

Usaili wa kujirekodi kwa video, ambao baadhi ya mipango huutumia, uko katikati. Jirekodi peke yako kwa muda uleule unaotolewa na mpango, kisha wape wawili watatu waitazame video bila wewe kuwepo. Wakuandikie kila mmoja sentensi moja inayoeleza ulichosema. Sentensi zikipishana sana, jibu lako halikuwa na uti wa mgongo.

Vikundi vina maradhi yake pia. La kwanza ni kusifiana: kila mtu anaambiwa amefanya vizuri, mnaagana kwa furaha, hakuna aliyebadilika. La pili ni uvumi, “nimesikia mwaka huu hawataki waliosoma fani fulani”, ambao unakula saa nzima na kuwakatisha watu tamaa bure. La tatu ni kufanana. Mkikaa pamoja muda mrefu mnaanza kusema sentensi zilezile na kufungua majibu kwa maneno yaleyale, na jopo linalosikiliza watu kutwa nzima litaling’amua hilo. Kikundi chenye muda maalumu wa kuanza na kumaliza, na mtazamaji mwenye karatasi, kinaepuka mawili ya kwanza. La tatu linaepukwa kwa kila mtu kulinda mifano yake mwenyewe.

Kozi ya kulipia: inafaa lini?

Sisemi kozi hazifai. Ninasema zinauzwa kwa watu wasiozihitaji, wakati wanaozihitaji kweli mara nyingi wanalipia kitu ambacho sicho.

Inafaa pale ambapo mtihani ni wa kuandika kwa kirefu na unahitaji jicho la mtu mzoefu. Mtihani mkuu wa India ni mfano: mwombaji mwenzako anaweza kukuambia insha yako imemchosha, lakini hawezi kukuambia kwa uhakika kwamba hoja ya pili haijibu swali lililoulizwa. Hapo msahihishaji anayejua kazi ana thamani. Lipia usahihishaji, usilipie mihadhara. Mihadhara mingi ni maarifa yaliyomo vitabuni.

Inafaa pia kama huna kabisa watu wa kufanya nao mazoezi, au kama unataka usaili mmoja wa majaribio na mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Kikao kimoja cha namna hiyo, kikifanyika baada ya wewe kuandaa mifano yako na kuizungumza mara nyingi, kinaweza kukufungua macho. Kikifanyika mwanzoni, wakati hujui hata utatoa mifano gani, unalipia kuambiwa kwamba hujajiandaa.

Kabla ya kutoa fedha, uliza maswali haya na usikilize majibu kwa makini. Nani atakayenifundisha hasa, na amewahi kufanya nini katika usaili wa aina hii? Nitapata mrejesho wa kazi yangu binafsi, au nitakuwa mmoja wa mamia kwenye kikao cha mtandaoni? Mrejesho utaandikwa? Nikiwa nimeshavuka hatua ya majaribio, naweza kulipia hatua iliyobaki peke yake? Anayekataa kukujibu swali la kwanza ameshakujibu.

Na kuna wa kukimbia bila kuuliza. Anayekuahidi kupita. Anayejinasibu kwamba ana watu ndani. Anayeuza maswali “yaliyovuja”: yakiwa ya uongo umetapeliwa, yakiwa ya kweli umeingia kwenye udanganyifu unaoweza kukufutia maombi na kukuchafulia jina kwa serikali uliyotaka kuitumikia. Hili nalisema kwa uzito wote. Nafasi hizi ni za umma, na anayeziingia kwa mlango wa nyuma amemnyang’anya mtu mwingine haki yake.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa na wiki mbili tu na hatua iliyo mbele ni majaribio, sahau kozi na sahau kikundi. Jaribio moja kwa siku kwa muda wake kamili, daftari la makosa, na kulala vizuri. Anza na majaribio ya mazoezi yanayotolewa na mpango wenyewe kama yapo, maana ndiyo yanayofanana zaidi na utakayokutana nayo. Ya makampuni mengine yatumie kuongeza idadi.

Ukiwa na wiki mbili kabla ya siku ya tathmini, geuza kila kitu. Kutana na watu mara tatu au nne kwa wiki hata kama ni kwa simu ya video. Muda wa peke yako uwe wa kuyapitia maandishi ya mtazamaji na kuiboresha mifano yako, basi.

Anayefanya kazi kutwa na kulea familia jioni ana saa chache, na huyu ndiye ninayemwonea huruma anaposhawishiwa kununua kozi ndefu ya video nyingi. Hatazimaliza. Atabaki na hatia juu ya uchovu. Afadhali awe na mwenza mmoja mwaminifu wa kubishana naye saa moja kwa wiki, na majaribio mafupi asubuhi kabla nyumba haijaamka.

Mwenye ulemavu, au hali ya kiafya inayoathiri kusoma, kuona, kusikia au kuandika kwa kasi, aanze na jambo lililo mbele ya yote haya: asome mwongozo unasema nini kuhusu kuongezewa muda au kubadilishiwa mazingira ya usaili, na aombe mapema, kwa maandishi, kabla hatua ya kwanza haijaanza. Kisha afanye mazoezi kwa muda ule atakaoruhusiwa. Kujizoeza kwa saa ya watu wengine kunampa picha isiyo yake.

Na mtu mwenye haya, asiyependa kusema mbele ya watu, mara nyingi huchagua kujifungia kwa sababu ndiko kunakomstarehesha. Huyu ndiye anayehitaji kikundi kuliko wote, ila aanze na mtu mmoja, kisha wawili, na ajitolee kuwa mtazamaji mara ya kwanza. Atagundua kwamba mezani kuna kazi nyingi zisizohitaji sauti kubwa: kutunza muda, kufupisha walikofika, kuuliza swali moja linalorudisha watu kwenye lengo.

Aliyejaribu mwaka uliopita akachujwa ana kitu ambacho wengine hawana: anajua alipoangukia. Mpango ukitoa mrejesho, autafute na ausome kabla ya kufanya lolote. Kama aliangukia kwenye majaribio, daftari na saa, peke yake, kwa miezi kadhaa. Kama alivuka majaribio kwa urahisi akaangukia mbele ya jopo, asirudi kwenye majedwali kwa kuwa tu ndiyo anayoyamudu. Atafute watu wanne sasa hivi, kabla dirisha jipya halijafunguliwa, na mkutano wa kwanza awaombe wamuulize swali lilelile lililomshinda.